Melbourne 2014: Mafuta Yalipowekewa Mpaka, Hewa Ikabadilishiwa Kazi

Tarehe 16 Machi 2014, katika mashindano ya Australia yaliyofungua msimu wa Formula One mjini Melbourne, Daniel Ricciardo wa timu ya Red Bull alivuka mstari akiwa wa pili nyuma ya Nico Rosberg wa Mercedes. Saa kadhaa baadaye wasimamizi wa mashindano waliliondoa gari lake, namba 3, kwenye matokeo. Kevin Magnussen na Jenson Button wa McLaren wakapandishwa hadi nafasi ya pili na ya tatu, na pointi 18 zikayeyuka. Kosa halikuhusu uendeshaji, uzito wa gari wala umbo la bawa. Injini ilikuwa imepokea mafuta kwa kasi iliyozidi kilo 100 kwa saa, na wasimamizi waliandika wazi kwamba jambo hilo lilikuwa nje ya uwezo wa dereva.

Kisa hiki kwa kawaida husimuliwa kama ugomvi juu ya kifaa cha kupimia, na ni kweli kwamba kifaa kilikuwa na sehemu yake. Swali linalonivutia zaidi, hata hivyo, ni kwa nini timu yenye wahandisi hodari ilikubali kuhatarisha nafasi ya pili kwa ajili ya tofauti ndogo ya mtiririko wa mafuta. Jibu lake limo katika namna kanuni za 2014 zilivyogeuza uhusiano wa hewa na mafuta ndani ya injini ya mashindano, na mgeuko huo ndio utakaochambuliwa hapa.

Yaliyotokea kati ya Ijumaa na Jumapili

Kanuni za kiufundi za mwaka huo ziliweka mpaka kwa sentensi fupi: mtiririko wa mafuta usizidi kilo 100 kwa saa. Chini ya mizunguko 10,500 kwa dakika mpaka ulishuka pamoja na mwendo wa injini, kwa hesabu ya kuzidisha mizunguko kwa 0.009 na kuongeza 5.5, ambayo ikifika mizunguko 10,500 hutoa 100 kamili. Kipimo kilichukuliwa na kihisi kilichoidhinishwa na Shirikisho la Kimataifa la Magari, FIA. Kihisi hicho hukaa kwenye njia ya mafuta, hutuma mawimbi ya sauti isiyosikika na binadamu kufuata mkondo na kupinga mkondo, kisha hukokotoa mwendo wa mafuta kutokana na tofauti ya muda wa safari hizo mbili.

Katika mazoezi ya kwanza ya Ijumaa, kihisi cha gari namba 3 kilitoa usomaji mmoja kwa safari tatu za mwanzo na usomaji tofauti kuanzia safari ya nne. Jumamosi timu ilifunga kihisi kingine, ambacho hakikuiridhisha timu wala FIA, na usiku ikaagizwa kukibadilisha. Kile cha kwanza kikarudishwa, na siku ya mashindano kikaendelea kusoma kama kilivyosoma tangu safari ile ya nne. Mwakilishi wa kiufundi wa FIA aliitaka timu irekebishe mtiririko wake kwa kiwango maalumu ili gari libaki ndani ya sheria kwa usomaji wa kihisi hicho, na barua pepe yenye agizo hilo ilionyeshwa baadaye mbele ya wasimamizi.

Timu haikufuata. Ilihesabu kwamba kihisi hakiaminiki, ikategemea hesabu yake ya ndani, yaani kiasi cha mafuta kinachokadiriwa kutokana na muda ambao sindano za mafuta hukaa wazi na shinikizo lililo nyuma yake. Mashindano yakiendelea, mwakilishi yule aliona kwenye takwimu zinazorushwa kutoka garini kwamba mtiririko umezidi, akawasiliana na timu na kuipa nafasi ya kupunguza. Nafasi hiyo nayo ikaachwa ipite. Hoja ya timu ilikuwa kwamba sheria inataja kilo 100 na si usomaji wa kifaa fulani, na kwamba waraka wa kiufundi wa FIA juu ya vihisi ni maoni tu, hauna nguvu ya kanuni. Rufaa ilisikilizwa Paris tarehe 14 Aprili, na kesho yake Mahakama ya Kimataifa ya Rufaa ya FIA ikaitupa.

Wakati hewa ndiyo iliyokuwa adimu

Ili kuona uzito wa uamuzi ule wa kutopunguza, inafaa kukumbuka injini zilizotangulia. Kwa sehemu kubwa ya historia ya mashindano ya magari, sheria zilibana nguvu kwa kubana hewa. Kuwekea mpaka ujazo wa silinda ni kubana hewa. Kuwekea mpaka mizunguko kwa dakika ni kubana hewa pia, kwa sababu zao la viwili hivyo ndilo kiasi ambacho injini inaweza kumeza kwa sekunde. Mwaka 1988, mwaka wa mwisho wa tabochaja (pampu inayoshindilia hewa ndani ya injini kwa nguvu ya gesi ya ekzosi) katika enzi yake ya kwanza, Formula One iliwekea shinikizo la hewa mpaka wa bar 2.5 (bar moja ni karibu shinikizo la angahewa) na tangi mpaka wa lita 150.

Mchezo wa rali ulichukua njia ya moja kwa moja zaidi. Magari ya World Rally ya 1997 hadi 2010 yalilazimika kupitisha hewa yote kwenye tundu lenye kipenyo cha milimita 34 kabla haijafika kwenye kompresa, sehemu ya tabochaja inayoibana hewa. Fizikia ya tundu hilo haina huruma: hewa ikishafika mwendo wa sauti katika sehemu nyembamba zaidi, hakuna uvutaji wowote wa upande wa pili unaoweza kuongeza hata gramu moja. Kwa hewa ya nyuzi 20 kwenye usawa wa bahari, hesabu hutoa gramu 217 hivi kwa sekunde, na kiasi hicho hakiongezeki hata tabochaja ikiwa kubwa namna gani.

Katika injini za V8 (silinda nane katika safu mbili zenye umbo la V) za lita 2.4 zilizotumika Formula One kuanzia 2006 hadi 2013, pamoja na mpaka wa mizunguko 18,000 uliowekwa 2009, mbano ulikuwa wa aina ile ya kwanza. Injini ya mipigo minne humeza ujazo wake mara moja kila mizunguko miwili, hivyo lita 2.4 kwa mizunguko 18,000 ni lita 360 za hewa kila sekunde, bila tabochaja ya kusukuma. Pistoni hushuka kutoka juu hadi chini kwa milisekunde 1.67 tu. Katika dirisha hilo dogo hewa lazima ianze kutembea, ipite kwenye vali na ijaze silinda, na kila kilichosahaulika kwenye umbo la njia yake kilihesabiwa kama nguvu iliyopotea.

Ufundi wote wa enzi ile ulizunguka hapo. Urefu wa mabomba ya kuingizia hewa, yale yenye mdomo uliopanuka kama tarumbeta, ulichaguliwa ili wimbi la shinikizo linaloakisiwa kutoka kwenye mdomo lirudi kwenye vali muda mfupi kabla haijafunga, likashindilia hewa ya ziada ndani ya silinda. Wimbi hilo hukutana na vali kwa wakati unaofaa katika mizunguko fulani tu. Kwa kuwa kanuni za 2006 zilipiga marufuku mabomba yanayobadilika urefu, mhandisi alilazimika kuamua ni sehemu ipi ya mbio inayostahili kupendelewa. Tundu lililo juu ya kichwa cha dereva nalo lilichangia: katika mwendo wa kilomita 300 kwa saa, hewa inayosimamishwa na mdomo wake hutoa shinikizo la ziada la takriban asilimia 4 ya angahewa.

Mafuta katika mpangilio huo yalifuata tu. Ukishapata hewa, unaweka mafuta yanayotosha kuila yote, na kidogo zaidi, kwa sababu mchanganyiko wenye mafuta mengi hutumia kila chembe ya oksijeni na hupoza chumba cha kuunguzia. Kupoteza mafuta hakukuwa na adhabu isipokuwa uzito wa tangi mwanzoni mwa mashindano, ambao ulizidi kilo 150 katika viwanja vingi. Kwa hesabu zilizotolewa na Mercedes wenyewe, ufanisi wa joto wa injini hizo ulikuwa karibu asilimia 29 au 30. Yaani katika kila kilo kumi za petroli, saba ziliishia kwenye ekzosi na kwenye rejeta.

Hesabu ya 2014

Kanuni mpya zilileta injini ya V6 ya lita 1.6 yenye tabochaja moja, mizunguko isiyozidi 15,000, sindano moja ya mafuta kwa kila silinda yenye shinikizo lisilozidi bar 500, na kilo 100 za mafuta kwa mashindano yote. Shinikizo la hewa halikuwekewa mpaka. Jambo hilo lilipita bila kelele nyingi, ilhali ndilo lililobadilisha kila kitu: mtengenezaji angeweza kuchukua hewa kiasi anachotaka, mradi tu asiguse mpaka wa mafuta.

Kilo 100 kwa saa ni gramu 27.8 kwa sekunde. Petroli hubeba takriban megajouli 43 kwa kilo, kwa hiyo nishati inayoingia ni kilowati 1,200 hivi na haizidi hapo. Injini yenye ufanisi wa asilimia 30 ingepata kilowati 360 kutokana na kiasi hicho. Yenye asilimia 40 ingepata 480. Yenye asilimia 50 ingepata 600, ambazo ni zaidi ya nguvu za farasi 800. Tangu siku hiyo nguvu na ufanisi zikawa jambo moja kwenye mwendo wa mkandamizo kamili wa pedali, na mjadala mrefu wa kama mashindano yaendeleze mbio au yaendeleze uchumi wa mafuta ukafa wenyewe.

Sasa upande wa hewa. Kwa mizunguko 10,500, ambapo mtiririko kamili unaruhusiwa, lita 1.6 humeza lita 140 kwa sekunde, chini ya nusu ya zile za V8. Kuunguza gramu 27.8 za petroli bila kubakiza oksijeni wala mafuta kunahitaji gramu 408 hivi za hewa. Tukichukulia kwamba mtengenezaji anataka asilimia 40 zaidi ya hapo, kwa sababu nitakazoeleza, anahitaji gramu 570 kwa sekunde. Hewa yenye nyuzi 50 kwenye shinikizo la bar moja ina gramu 1.08 kwa lita. Ili lita 140 zibebe gramu 570, shinikizo kwenye chumba cha kugawia hewa kwa silinda lazima likaribie bar 3.8. Ninasisitiza kwamba hizi ni namba za kukadiria, zilizochukulia kwamba silinda hujaa kikamilifu, lakini zinatosha kuonyesha ukubwa wa jambo: injini ndogo ya 2014 ilitakiwa kupitisha uzito wa hewa unaoizidi V8 iliyoitangulia, huku ikiwa na thuluthi mbili tu za ujazo wake na ikizunguka polepole zaidi.

Na kwa nini polepole? Kwa sababu juu ya 10,500 mafuta hayaongezeki. Kila mzunguko wa ziada huongeza msuguano bila kuongeza joto la kugeuza. Sheria iliruhusu 15,000, ila injini hazikuwa na sababu ya kukaa huko, na mashabiki waliolalamikia mlio mzito wa msimu ule walikuwa wanalalamikia, bila kujua, matokeo ya mlinganyo wa mtiririko.

Hewa ya ziada inafanya nini?

Hapa ndipo penye kiini cha kisa. Chini ya sheria za zamani, hewa ya ziada ilikuwa tiketi ya kuunguza mafuta zaidi. Chini ya sheria za 2014 haiwezi kuwa hivyo, maana mafuta yamefungwa. Hata hivyo watengenezaji walihangaika kupata hewa nyingi kuliko inayohitajika kuunguza petroli, na walikuwa na sababu tatu zinazoshikana.

Ya kwanza inatoka kwenye nadharia ya injini yenyewe. Ufanisi wa juu kabisa wa mzunguko wa petroli hutegemea mambo mawili: uwiano wa mgandamizo, yaani ni mara ngapi pistoni huupunguza ujazo wa gesi inapopanda, na namba ambayo wahandisi huiita gama, inayoeleza jinsi gesi inavyogeuza joto kuwa msukumo inapotanuka. Hewa safi na baridi ina gama ya 1.4, gesi moto iliyojaa mvuke wa petroli na mazao ya uunguaji hushuka hadi karibu 1.3 au chini yake. Kwa uwiano wa mgandamizo wa 12, nadharia hutoa asilimia 63 kwa gama ya kwanza na asilimia 52 na nusu kwa ya pili. Injini halisi haifiki popote hapo, lakini mwelekeo ni uleule: kadiri mchanganyiko unavyofanana na hewa tupu, ndivyo kila kijoto kinavyosukuma pistoni zaidi.

Ya pili ni joto linalopotelea kwenye kuta. Nishati ileile ya mafuta ikigawanywa katika gesi nyingi zaidi, halijoto ya juu kabisa hushuka, na kwa sababu hiyo joto linalotorokea kwenye kichwa cha silinda na kwenye maji ya kupozea hupungua. Katika injini iliyofungiwa mafuta, joto lililookolewa kwenye rejeta haliwezi kununuliwa mahali pengine.

Ya tatu ni kugonga. Mchanganyiko uliobanwa sana na wenye joto huweza kujiwasha wenyewe sehemu ambayo moto wa plagi haujafika, na mgongano huo wa mawimbi ya shinikizo hula pistoni kwa muda mfupi. Kugonga ndiko kunakomzuia mhandisi kupandisha uwiano wa mgandamizo na kuwasha plagi mapema anavyotaka. Hewa ya ziada, ikiwa imepozwa vizuri, husogeza mpaka huo mbali na kumpa nafasi ya kupanda. Kwa uwiano wa 18, ambao kanuni zilikuja kuuweka kama kikomo, nadharia ileile yenye gama ya 1.3 hupanda kutoka asilimia 52 na nusu hadi 58.

Tatizo ni kwamba mchanganyiko wenye hewa nyingi huwaka polepole na wakati mwingine haushiki kabisa. Kila silinda, kwa mizunguko 10,500, hupokea miligramu 53 za petroli mara 87 na nusu kwa sekunde, na moto una milisekunde chache tu za kuenea katika chumba chenye kipenyo cha milimita 80. Kwa hiyo umbo la njia ya kuingizia hewa likapata kazi mpya. Zamani njia hiyo ilichongwa ili ipitishe hewa nyingi iwezekanavyo bila vikwazo. Sasa ilichongwa ili hewa iingie ikiwa na mzunguko mkali ndani ya silinda, hata kama mzunguko huo unakula sehemu ya mtiririko, kwa kuwa kompresa inaweza kufidia kilichopungua na hakuna kitu kingine kinachoweza kufidia moto mzito. Katika miaka iliyofuata vikaja vyumba vidogo vya awali kuzunguka plagi: mchanganyiko mdogo huwashwa humo, kisha miale ya moto hutoka kwenye vitundu na kuchoma kilichobaki kutoka pande nyingi kwa pamoja. Kwa vile kila silinda iliruhusiwa sindano moja tu, chumba hicho hakikuweza kupewa sindano yake, na kukijaza mchanganyiko unaofaa kulitegemea jinsi hewa inavyotembea wakati pistoni inapanda. Kwa maoni yangu, hakuna sehemu nyingine ya injini hizi ambapo mtiririko wa hewa na ufanisi wa joto vilikutana kwa ukaribu kiasi hicho.

Gharama ya kuibana hewa

Hewa hiyo haikuwa ya bure. Kuibana kutoka bar moja hadi 3.8, kwa kompresa yenye ufanisi wa asilimia 75, huipandisha kutoka nyuzi 27 hadi zaidi ya nyuzi 200, na kazi inayohitajika kwa gramu 570 kwa sekunde huzidi kilowati 100. Kazi hiyo hutolewa na tabini inayozungushwa na gesi ya ekzosi, yaani na nishati ambayo V8 ilikuwa ikiitupa nyuma ya gari. Kanuni za 2014 ziliruhusu pia mota ya umeme kwenye mhimili huohuo wa tabochaja, ambayo iliweza kuzungusha kompresa dereva anaporudi kwenye pedali na kuvuna umeme pale gesi ya ekzosi inapokuwa na nguvu kuliko inayohitajika. Umeme huo ungeweza kwenda moja kwa moja kwenye mota ya kilowati 120 iliyounganishwa na krenki, mhimili unaozungushwa na pistoni, bila kikomo cha kila mzunguko wa uwanja. Kila kilowati iliyookolewa kwenye kompresa ilirudi magurudumuni.

Kwa sababu hiyo upozaji wa hewa ulipata maana tofauti na ile ya zamani. Ukipoza hewa kwa nyuzi 10 katika injini iliyobanwa hewa, unapata uzito wa asilimia 3 zaidi na nguvu inayokaribia asilimia hiyohiyo. Katika injini iliyobanwa mafuta, nyuzi hizo 10 hazileti nguvu moja kwa moja. Zinapunguza shinikizo linalotakiwa, zinapunguza kazi ya kompresa, zinasogeza mpaka wa kugonga. Faida ipo, lakini inapitia mlango wa ufanisi. Upande wa pili wa mizani kuna kipoza hewa chenyewe, ambacho katika mfano wetu lazima kitoe karibu kilowati 90 za joto nje ya gari kupitia matundu ya ubavuni yanayoongeza ukinzani wa upepo. Mhandisi wa injini na mhandisi wa umbo la gari walilazimika kugombania kipande kilekile cha bati.

Mercedes walijibu swali hilo kwa kuitenganisha tabochaja: kompresa mbele ya injini, tabini nyuma yake, mhimili mrefu ukipita katikati ya safu mbili za silinda pamoja na mota. Kompresa ikawa mbali na joto la tabini, na njia ya hewa kwenda kwenye vipoza na kurudi ikafupika. Timu yao ilishinda mashindano 16 kati ya 19 ya mwaka huo. Sidai kwamba mpangilio wa tabochaja peke yake ulileta ushindi wote huo, lakini ni vigumu kuutazama mchoro wake bila kuona kwamba watu hawa walikuwa wameelewa mapema hewa inatakiwa kufanya nini chini ya sheria mpya. Honda, walioingia 2015, waliweka kompresa ndani ya nafasi finyu kati ya safu za silinda, ambako ukubwa wake ulibanwa, na mwaka 2017 wakahamia mpangilio wa kutenganisha.

Asilimia moja ina thamani gani?

Sasa tunaweza kurudi kwenye uamuzi wa timu kwa macho yaliyo wazi zaidi. Tuseme, kwa mfano tu, kwamba tofauti kati ya kihisi na hesabu ya ndani ni asilimia 1. Hiyo ni gramu 0.28 kwa sekunde, kilowati 12 za joto, na kwa injini yenye ufanisi wa asilimia 40 ni karibu kilowati 5, zaidi kidogo ya farasi 6. Ni kiasi kidogo kwa anayetazama kutoka nje. Lakini kukipata kihalali kunamaanisha kupandisha ufanisi kutoka 40 hadi 40.4, na kila kilichotajwa hapo juu, kuanzia umbo la njia ya hewa hadi kipoza, hutoa mapato ya ukubwa huo baada ya kazi ndefu ya maabara. Mafuta ya ziada hutoa yaleyale kwa kubadilisha namba moja kwenye programu.

Katika enzi ya V8 mzozo wa aina hii usingeweza kutokea kwa uzito huo, kwa sababu kuongeza mafuta bila kuongeza hewa kungetoa moshi na si mwendo. Ndiyo maana nadhani wanaosema timu iliadhibiwa kwa jambo dogo hawajaangalia vizuri: chini ya sheria hizi mtiririko wa mafuta ulikuwa ndio ukubwa wa injini. Kuuzidi ni sawa kabisa na kuingia uwanjani na silinda zilizochongwa zaidi ya kipimo.

Kuhusu hoja ya kisheria, naona mahakama iliamua sawa. Mwakilishi wa FIA hakukana kwamba vihisi hutofautiana. Alisema tofauti hizo zinajulikana, kila kimoja husawazishwa peke yake, na kikishasawazishwa kinakuwa ndicho kipimo. Waraka wa tarehe 1 Machi ulieleza kwamba ni FIA inayoamua lini kihisi kimeharibika na lini hesabu ya ndani itumike. Kama kila timu ingeruhusiwa kuchagua kipimo inachokiamini, kila mtengenezaji angekuja na kilo 100 zake. Udhaifu wa sheria ulikuwa kwingine: ilipima kinachopita kwenye bomba la petroli, wakati injini inaweza kuunguza vitu vingine. Kufikia 2017 FIA ilikuwa ikiwekea mipaka mafuta ya kulainishia yanayotumika, lita 1.2 kwa kilomita 100, kisha 0.9, na 0.6 mwaka 2018, kwa kuwa mafuta hayo yakifika kwenye njia ya hewa huungua pamoja na petroli. Mwaka huo wa 2018 ikaongezwa kanuni kwamba hewa kwenye chumba cha kugawia lazima iwe na joto linalozidi la nje kwa zaidi ya nyuzi 10. Mwaka 2020 magari yakafungwa kihisi cha pili cha mtiririko. Kila nyongeza ilifuata nyayo za watu waliokuwa wakitafuta farasi sita wao wa ziada.

Matokeo ya upande wa ufanisi hayana ubishi. Septemba 2017 Mercedes walitangaza kwamba injini yao ilivuka asilimia 50 kwenye mashine ya majaribio kiwandani Brixworth, Uingereza, ikitumia nishati ya mafuta zaidi kwa kazi kuliko iliyopotea kama joto. Mabomba ya hewa yanayobadilika urefu, yaliyokatazwa 2014, yalikuwa yamerudi tangu 2015, safari hii kwa faida tofauti: wimbi likishindilia hewa kwa wakati wake, kompresa hufanya kazi kidogo na mota ya mhimili huvuna zaidi.

Kanuni za 2026 zimeendeleza wazo hilo na kulibana upya. Mpaka sasa unahesabiwa kwa nishati, megajouli 3,000 kwa saa, kwa kuwa mafuta yasiyotokana na visukuku ya watengenezaji mbalimbali hayabebi nishati ileile kwa kilo. Uwiano wa mgandamizo umeshushwa hadi 16. Na mota ya mhimili wa tabochaja imeondolewa. Bila mota hiyo, kompresa inategemea gesi ya ekzosi peke yake kuanza kuzunguka. Anayetaka kompresa kubwa kwa ajili ya hewa ya ziada kwenye mwendo wa juu atalazimika kumsubirisha dereva wake kila anapotoka kwenye kona, na anayechagua ndogo atapata mwitikio wa haraka akiwa na hewa kidogo ya kupunguzia joto la uunguaji.